Mkunga Asiyekuwa Kwenye Orodha

Alhamisi, 13 Machi

Barua imefika. Kampuni yetu ya bima, Kurrawirra, inasikitika. Kampuni ikisikitika kwenye mstari wa kwanza, heri uache kusoma. Mimi nimesoma mpaka mwisho. Kujifungulia nyumbani kumo kwenye kifurushi chetu, wanakubali. Tatizo ni mkunga. Bi. Marijke Vandersluis hayumo kwenye orodha ya watoa huduma wanaowatambua, kwa hiyo hawatalipia. Wamemaliza kwa kututakia afya njema!

Balaa lenyewe ni hili. Mwezi wa kumi nilimwambia mke wangu, Tamsin, kwamba bima imeshakubali. Sikudanganya. Nilikuwa na hakika kwamba itakubali. Tamsin alilia kwa furaha, akaniita shujaa. Mtu akikuita shujaa huongezi neno "labda".

Na si kwamba tunaweza kutafuta mkunga mwingine tu. Miaka miwili iliyopita tulipoteza mimba, hospitalini. Marijke alikuwa zamu siku ile. Zamu yake iliisha saa nane mchana, hakuondoka. Alivuta kiti, akamshika Tamsin mkono mpaka jioni, bila maneno mengi. Sasa ameacha hospitali, anajitegemea, anazalisha wanawake majumbani mwao. Tamsin alisema tangu wiki ya kwanza ya mimba hii kwamba ni Marijke, hakuna mwingine. Lakini bila bima hatuna uwezo wa kuwalipa, yeye na mkunga wa pili ambaye lazima awepo.

Zimebaki wiki nne. Barua nimeificha kwenye friji ya barafu, chini ya mfuko wa njegere. Mpango: nilimalize jambo hili kimya kimya kabla Tamsin hajashtuka. Mimi ni karani wa usajili wa mbwa, halmashauri ya hapa Castlemaine, mwaka wa kumi na moja. Kama kuna mtu mji huu anayezijua fomu, ndiye mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewapigia Kurrawirra wakati wa chakula cha mchana. Nilijifungia stoo ya kamba na minyororo ya mbwa. Muziki wa kusubiri ni filimbi. Dakika arobaini na moja za filimbi! Kila baada ya muda sauti inaingia kukuambia kwamba wewe ni mtu muhimu sana kwao.

Nilipanga kuongea kwa sauti nzito, kama wakili. Simu ikapokelewa nikiwa na pai ya nyama mdomoni. Dada aliyepokea, anaitwa Lorelle, aliniuliza kama ninaumwa.

Lorelle ni mpole kupita kiasi. Huwezi hata kumkasirikia. Alieleza kwamba mkunga mwenyewe ndiye anayejaza fomu ya kutambuliwa, kwenye tovuti yao, na anajibiwa ndani ya siku saba za kazi. Nikamuuliza kama mume wa mjamzito anaweza kumjazia. Akacheka sana. Akasema mimi ni mcheshi.

Nimezingatia kwamba hakusema hapana.

Jumapili, 16 Machi

Nyama choma kwa shemeji Darcy, mume wa Bettina, dada yake Tamsin. Darcy anauza mabwawa ya kuogelea, na hata akikuomba chumvi unahisi anakuuzia bwawa. Leo alikuwa anageuza soseji amevaa joho la taulo jeupe, lenye nembo ya hospitali ya binafsi ya Melbourne alikozaliwa binti yao mwaka jana. Joho alilopewa Bettina! Yeye ndiye anayelivaa!

Tumesimuliwa tena kuhusu samaki wa kuoka na mvinyo vilivyoletwa kitandani. Kisha akanigeukia.

"Sisi bima ililipa kila kitu, jamaa yangu, mpaka mito. Na nyinyi? Mtazalia sebuleni? Juu ya lile zulia?"

Nikamjibu kwamba zulia litaondolewa. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Tamsin akanisaidia. "Darcy, mimi naenda kuzaa, siendi hotelini." Watu wote wakaangua kicheko, hata Bettina. Halafu Tamsin akaongeza kwamba hata hivyo, bima yetu nayo inalipa kila kitu, Fergus ameshughulikia mwenyewe. "Si ndiyo, Fergus?" Akaniangalia. Akaendelea kuniangalia.

Nikasema ndiyo. Soseji ikanipalia. Darcy akanipiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Jumatatu, 17 Machi

Marijke amekuja kumpima Tamsin. Ana miaka hamsini na tisa, wazazi wake walitoka Uholanzi, na huvaa viatu vya kulimia bustani popote aendapo. Alisikiliza moyo wa mtoto kwa kile kifaa chake cha mti mfano wa tarumbeta, akiwa amefumba macho. Akatabasamu. Akasema mtoto amegeuka vizuri, kichwa chini, na ana haraka kuliko baba yake.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikamwomba kwa unyenyekevu ajaze ile fomu ya Kurrawirra. Akaegemea mlango wa gari. Kumbe ameshaijaza mara tatu! Ya kwanza ilipotea. Ya pili walimwambia asubiri jibu la ile ya kwanza. Ya tatu walitaka mhuri wa mwajiri. Mwajiri wake ni yeye mwenyewe, basi akatengeneza mhuri, akajigongea. Wakauliza kwa nini mwajiri na mwajiriwa wana mwandiko mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nazalisha watoto. Fomu zitafute mkunga wao."

Akaniambia pia nisihangaike, na kama nina wasiwasi niongee na mke wangu. Niongee na mke wangu! Nianzie wapi? Kwenye njegere?

Jumanne, 18 Machi

Nimeijaza.

Sikughushi. Kughushi ni kuandika uongo. Mimi nimeandika ukweli mtupu kwa niaba ya mtu ambaye hana nafasi. Nambari yake ya usajili iko kwenye makaratasi yetu ya uzazi. Anwani yake naijua. Uzoefu: miaka thelathini na nne. Sahihi nilichora kwa kidole kwenye simu. Imetoka kama nywele ndani ya supu, lakini sahihi za wauguzi wote ziko hivyo.

Kasoro moja tu: nilikuwa kazini. Ni msimu wa watu kulipia upya usajili wa mbwa, foleni imefika mlangoni. Nilishika simu chini ya kaunta, huku mama mmoja mwenye mbwa mwembamba wa mashindano akinieleza maisha ya mbwa wake tangu utotoni. Sehemu ya "aina ya huduma" ina orodha ndefu inayoteremka. Nikateremka mpaka herufi M. Mbwa akalamba kiwiko changu. Nikabonyeza. Nikatuma.

Mbwa yule nimemwandika jike. Ni dume. Mama karudi mara mbili kulalamika. Siku nyingine yoyote ningeona haya, ila leo nimejaa fahari.

Jumatano, 26 Machi

IMEKUBALIWA! Ujumbe umeingia saa tano asubuhi. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika barua pepe yangu ili nisimsumbue Marijke. Unasema: "Hongera! Bi. M. Vandersluis sasa ni mtoa huduma anayetambuliwa na Kurrawirra. Barua kamili inafuata kwa posta."

Siku sita za kazi! Mwanamke kapigana nao mara tatu bure, mimi siku sita! Nilizunguka kaunta mara moja kwa mwendo wa ushindi. Nimenunua keki za lamingtoni sita. Tamsin akauliza tunasherehekea nini. Nikamwambia ni Jumatano. Akala tatu, akiniangalia vilevile alivyoniangalia kwa Darcy.

Ijumaa, 28 Machi

Marijke amepiga simu kazini. Hajawahi kunipigia kazini. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua lolote kuhusu barua aliyopata kutoka Kurrawirra, inayompongeza kwa kutambuliwa kama mtaalamu wa miguu.

Nikasema samahani, sijasikia vizuri.

"Miguu, Fergus. Nyayo. Sugu. Kucha zilizozama."

Nikafungua ile tovuti kwenye simu. Orodha inayoteremka, herufi M. "Miguu, mtaalamu wa." Na chini yake, bega kwa bega, "Mkunga."

Nikamwambia huenda mitambo ya kampuni imechanganya mambo. Kisha akasema kwamba jina lake tayari limewekwa kwenye tovuti, na asubuhi hii wazee wawili wameshapiga simu. Mmoja anataka kuja na mke wake, kila mtu miguu miwili.

Nitalirekebisha. Ni kisanduku kimoja tu.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda kwa Marijke kumwomba radhi bila kukiri kosa, jambo linalohitaji ustadi. Nikakuta gari la Darcy limeegeshwa nje.

Darcy! Ameketi kwenye kochi la Marijke, mguu wa kulia ndani ya beseni, uso umekunjamana kwa maumivu. Ukucha wa kidole gumba umezama nyamani tangu Krismasi, na kwa kuwa hana utaalamu wa kuficha jambo lolote, alinieleza pia rangi ya usaha. Alimwona Marijke kwenye orodha ya bima. Kumbe na yeye yuko Kurrawirra! Akaniuliza mkunga wetu ameanza lini kutibu miguu. Nikamwambia ana vipaji vingi.

Marijke aliniangalia kwa muda ambao maziwa yangeganda. Kisha akavaa glavu, akamtengeneza Darcy ule ukucha vizuri kabisa, kwa mikono ileile iliyopokea nusu ya mji huu. Darcy alipiga yowe moja. Marijke akamwambia kwa upole, "Pumua, mpenzi. Usisukume."

Hakutaka malipo. Darcy aliondoka anachechemea kwa furaha, akisema sasa ndiyo anaelewa kwa nini tumemchagua. Nikabaki mimi, Marijke, na beseni. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, nisiguse tena fomu yoyote yenye jina lake. La pili, nimwambie Tamsin. Nikaahidi yote mawili. Nimetekeleza la kwanza kwa saa nne sasa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimempigia Lorelle kurekebisha kisanduku. Alikuwa mpole kuliko mwanzo, dalili mbaya. Akasema faili la Bi. Vandersluis limesimamishwa. Kumbe walikuwa na mafaili mawili yenye jina moja! Moja la mkunga, lililoletwa wiki mbili zilizopita na karibu kupitishwa, na moja la miguu. Sasa mfumo unashuku kuna udanganyifu. Wanamtuma mkaguzi kutoka Melbourne.

Nikauliza faili la ukunga nani kalileta. Akasema hawezi kunieleza, ni siri ya mteja. Nikauliza mteja yupi. Akasema tena siri ya mteja.

Kwa hiyo ni hivi: kulikuwa na ombi zuri, lilikuwa linakaribia kupita, na mimi nimelikanyaga. Kwa miguu.

Nilifikiria kumwambia Tamsin jioni hii. Nilipoingia ndani alikuwa amelala kwenye kochi, mkono juu ya tumbo, na tumbo linaruka upande mmoja kama paka ndani ya gunia. Akafumbua jicho moja. "Una la kuniambia?" Nikamwambia zulia nimeshaliondoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mpango mpya. Mkaguzi anaitwa Bw. Aurelio Buttigieg. Atakuja Jumanne ijayo saa nne asubuhi, atahoji wateja nyumbani kwao. Tarehe ya Tamsin ni kumi na mbili. Nafasi ipo. Jumanne Tamsin ataenda kwa Bettina kunywa chai. Mimi nitampokea Bw. Buttigieg peke yangu, nitampa biskuti, na kwa ushahidi wa macho nitakuwa nimejaza maji bwawa dogo la mpira la kupulizwa, ambamo Tamsin atazalia, katikati ya sebule. Atakayeliona hatazungumzia miguu tena.

Jioni nimelifanyia majaribio. Pampu inanguruma kama trekta. Mpira wa maji haukufunga vizuri kwenye bomba la jikoni, nusu ya maji ikaosha kabati la sahani. Nikavaa kaptura, nikaingia bwawani kupima kina. Hapo ndipo Marijke alipoingia kumpima Tamsin. Alinitazama nikielea. Akamuuliza Tamsin uchungu wa baba umeanza lini.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika kwa kifupi kwa sababu nina mtoto begani.

NINA MTOTO BEGANI!

Tamsin hakwenda kwa Bettina. Saa moja asubuhi alisimama jikoni, akashika ukingo wa sinki, akasema "Oh" ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Saa mbili ilikuwa "Oh" kubwa. Marijke alifika na mifuko yake, na nyuma yake mkunga wa pili, Oonagh, mama mnene mchangamfu asiyesema sana. Wakaanza kazi kwa utulivu uliotisha. Mimi nikaanza kujaza bwawa. Maji ya moto yakaisha bwawa likiwa nusu.

Saa nne kamili kengele ya mlangoni. Nilikuwa nimemsahau kabisa! Mwanamume mfupi, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi. Kabla sijafungua mdomo Marijke alipita nyuma yangu, akamuuliza kama anajua kuchemsha maji. Akasema anajua. Akamwambia avue koti.

Hivyo ndivyo Bw. Aurelio Buttigieg, mkaguzi wa madai yenye mashaka, alivyosimama jikoni kwangu kwa saa tatu na mikono ya shati imekunjwa, akichemsha maji kwa birika moja, sufuria nne na chungu cha kupikia kaa. Mimi nabeba, yeye anachemsha. Hakulalamika. Kila nikirudi ananiuliza kwa kunong'ona, "Anaendeleaje?"

Mara ya tisa au ya kumi alikumbuka kazi yake. Akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, karibu ya aibu, hivi ile fomu ya miguu hasa aliijaza nani. Nikaanza kumweleza kuhusu mtandao, jinsi wakati mwingine mtandao wenyewe...

"Ni Fergus!" Tamsin alipaza sauti kutoka sebuleni. "Andika ni Fergus! Aliijaza kazini, na mbwa! Sasa nyamazeni wote, uchungu huu hapa unakuja tena!"

Nikasimama na sufuria mkononi. Bw. Buttigieg akanipokonya ile sufuria. Akaniambia niende, yeye ataangalia maji.

Nilikwenda. Tamsin alikuwa ndani ya maji, kichwa kimeegemea ukingo, nywele zimelowa. Nikapiga magoti. Nikaanza kusema samahani. Akasema, "Baadaye. Nishike." Nikamshika. Alinibana vidole mpaka sikuvihisi. Marijke alikuwa amechuchumaa upande wa pili na viatu vyake vya bustani, akimwambia polepole, vizuri, ndivyo hivyo, mwache aje mwenyewe. Nje kasuku weupe walikuwa wanagombana juu ya mkalitusi kama kila siku. Mimi nalia, sijui tangu saa ngapi.

Saa saba na dakika kumi mchana. Msichana. Alitoka majini ametulia, macho wazi, akatuangalia kama anayetukagua. Kisha akalia. Tamsin akamweka kifuani, akacheka na kulia pamoja. Alitaja jina tulilochagua: Elowen. Halafu akamtazama Marijke. Marijke akamshika mkono, kama siku ile.

Nilipokwenda jikoni Bw. Buttigieg alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Ana watoto wanne. Wote aliwasubiri koridoni, akisoma magazeti ya magari. Akasema hajui alikuwa anafikiri nini. Akaniomba amwone mtoto kidogo, akiwa mlangoni tu. Tamsin akakubali. Akasimama pale amekumbatia mkoba wake, akasema kwa sauti ya kukatika, "Hongera, mama." Akaondoka amesahau koti.

Jumatano, 9 Aprili

Tamsin amenieleza. Anajua tangu tarehe kumi na tatu Machi. Bima iko kwa majina yetu sote wawili, na barua ile walimtumia yeye pia, kwa barua pepe, siku ileile. Siku ya pili yake alimpigia Marijke. Wakaketi pamoja, wakaandika ukurasa mmoja: huyu ni nani, amefanya nini, ameomba mara tatu, tafadhali liangalieni upya ombi lake. Wakaambatisha vyeti. Basi. Hilo ndilo faili lililokuwa linapita, mpaka mimi nikaleta la miguu. Kuhusu mbwa na kaunta, alihadithiwa na yule mama mwenye mbwa, walipokutana kwa mwoka mikate.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alinipa nafasi. Kwa Darcy. Siku ya lamingtoni. Kwenye kochi. Alitaka nianze mimi.

"Bima si kitu, Fergus. Ningezalia hata kwenye kibanda cha basi kama Marijke yupo. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa na hofu ukaibeba peke yako, ukaniacha nje ya mlango. Mwaka ule hospitalini tulikuwa pamoja. Mbona kwa hili unaniona mgeni?"

Nikamwambia nilipenda aliponiita shujaa, nikaogopa atalifuta lile neno. Akaniangalia, safari hii kwa namna nyingine. Akanipa mtoto. Akasema shujaa abadilishe nepi.

Nimemwahidi: hakuna siri tena, hakuna mipango, hakuna fomu. Nimeahidi kwa moyo wote. Nimejisikia mtu mpya. Hata nepi nimeiweka sawa, mara ya tatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Kurrawirra hawasikitiki! Barua ya leo imesainiwa na A. Buttigieg mwenyewe. Bi. Vandersluis ametambuliwa kama mkunga, madai yetu yamepitishwa, na mkunga wa pili pia. Faili la miguu limefungwa "kutokana na kosa la mtu wa tatu lisilo na nia mbaya". Mtu wa tatu ni mimi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Lisilo na nia mbaya! Marijke alicheka simuni mpaka akakohoa. Anasema wanawake wengine wawili wa Kurrawirra wameshampigia kwa ajili ya uzazi, na mzee mmoja bado anang'ang'ania miguu.

Jioni Darcy na Bettina walikuja kumwona mtoto. Darcy alimbeba vizuri, lazima niseme. Kisha akauliza jina kamili. Elowen Pascoe, tukasema. Akangoja. Akauliza, basi tu? Binti yake ana majina matatu kabla ya ukoo. Akayataja yote, polepole, moja moja, kama anasoma orodha ya wafalme.

Kuna fomu ya serikali ya kusajili mtoto aliyezaliwa. Tamsin amesema ataijaza yeye wiki ijayo, akipata nguvu, na mimi nisiikaribie. Lakini sasa hivi amelala, maskini, amechoka, na mtoto amelala naye. Mume mwema humpunguzia mkewe kazi. Na siri haiitwi siri kama unakusudia kuisema baadaye.

Nafasi ya majina ya kati inachukua herufi hamsini. Nimezitumia zote. Bibi zake wote wawili wamo, shangazi wa Tasmania yumo, Marijke yumo, na zilipobaki herufi nane nikaweka Aurelia. Darcy atakoma!

Nimetuma. Imepokelewa papo hapo, bila swali. Chini kulikuwa na maelezo mekundu kuhusu muda wa kusubiri kabla jina halijaweza kubadilishwa tena. Sikuyasoma yote. Yameandikwa kwa herufi ndogo, na kwa uzoefu wangu wa miaka kumi na moja, mambo ya maana hayaandikwi kwa herufi ndogo.